Umri wa Taarifa na Haki ya Zamu: Uhakiki wa Makadirio ya Hali ya Chaneli katika Upangaji wa Utumaji Data Pasiwaya

Ikisiri

Makala hii inahakiki dhana iliyotawala tafiti za upangaji wa zamu katika mitandao ya simu: kwamba mnara ukiijua hali ya chaneli ya kila mtumiaji, unaweza kugawa muda wa kutuma data kwa tija na kwa haki kwa wakati mmoja. Uhakiki umejikita katika kanuni ya haki ya uwiano, iliyojulikana kupitia mfumo wa CDMA2000 1xEV-DO na ambayo mantiki yake imeendelea kutumiwa katika tafiti za LTE. Hoja kuu ni kwamba kanuni hiyo hulinganisha ahadi na tendo. Juu ya mstari wa mgawanyo huwekwa kasi ambayo simu imeripoti kuwa inaiweza, na chini yake huwekwa wastani wa kasi ambayo mtumiaji amekwisha kuipata. Taarifa ya chaneli ikiwa changa, ahadi na tendo hukaribiana na kanuni hufanya kazi yake. Taarifa ikizeeka, hutengana, na anayelipia utengano huo ni mtumiaji aliye safarini au aliye pembezoni mwa eneo la mnara. Makala inapendekeza vigezo vinne vya kutathmini tasnifu zinazoshughulikia mada hii.

1.0 Utangulizi

Watu wawili wamenunua kifurushi kimoja cha data, kwa bei moja, kutoka kampuni moja. Wa kwanza anatembea taratibu kando ya soko. Wa pili yumo ndani ya basi linalopita barabara iyo hiyo. Kwa wastani, ishara inayowafikia ina nguvu sawa, na wote wawili wanahudumiwa na mnara mmoja. Hata hivyo, wa kwanza anapata kasi kubwa ya data, ilhali wa pili anangoja ukurasa ufunguke. Maelezo ya kawaida ni kwamba mtandao wa simu hausomeki vizuri mtu akiwa safarini. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Sehemu ya tofauti hiyo haitokani na mawimbi yenyewe. Inatokana na uamuzi unaofanywa ndani ya mnara, mara mia kadhaa hadi elfu moja kwa sekunde, kuhusu nani apewe zamu na atumiwe data kwa kasi gani.

Uamuzi huo hufanywa na kipanga-zamu, yaani programu inayogawa muda na masafa kwa watumiaji wanaosubiri. Kipanga-zamu hakioni mawimbi yanayomfikia mtumiaji. Kinachokifikia ni taarifa: simu hupima, hukadiria, hufupisha na kurudisha namba moja ndogo mnarani. Kwa hiyo, kila hukumu ya kipanga-zamu hutegemea ushahidi wa simu kuhusu jambo lililokwisha kupita. Tafiti nyingi za uwanja huu zimeuchukua ushahidi huo kana kwamba ni hali halisi ya sasa. Makala hii inachunguza nini hutokea dhana hiyo inapoondolewa, na ni nani anayeathirika.

2.0 Chimbuko la Dhana

Kwa muda mrefu, kufifia kwa mawimbi kulihesabiwa kuwa adui wa mawasiliano pasiwaya. Wimbi linalotoka mnarani huakisiwa na majengo, magari na ardhi. Nakala zake hufika kwenye simu kwa nyakati tofauti kidogo, mahali pengine zikiimarishana na mahali pengine zikifutana. Umbali kati ya mahali penye ishara nzuri na mahali penye ishara mbaya unaweza kuwa nusu ya urefu wa wimbi tu. Wahandisi wa kizazi cha sauti walijitahidi kuyafuta mabadiliko hayo kwa kurekebisha nguvu ya utumaji, ili mazungumzo yasikatike.

Mtazamo huo ulibadilika katika miaka ya 1990. Knopp na Humblet (1995), wakichunguza utumaji kutoka kwa watumiaji kwenda mnarani, walionesha kwamba uwezo wa jumla wa mfumo hufikia kilele iwapo katika kila wakati anatuma mtumiaji mwenye chaneli bora zaidi. Goldsmith na Varaiya (1997) walieleza uwezo wa chaneli inayofifia pale mtumaji anapoijua hali yake. Kutokana na kazi za aina hii, kufifia kuligeuka kutoka hasara kuwa fursa. Watumiaji wakiwa wengi, karibu kila wakati atakuwepo mmoja ambaye chaneli yake iko kileleni. Mnara ukimchagua huyo, mfumo mzima hupanda. Sifa hiyo ndiyo inayoitwa uanuwai wa watumiaji.

Ugumu wa kijamii wa wazo hili ulionekana mapema. Mfumo wa 1xEV-DO, uliotokana na mradi wa Qualcomm uliojulikana kama HDR na kuelezwa na Bender na wenzake (2000), unatoa mfano ulio wazi. Katika mfumo huo, mnara humtumia data mtumiaji mmoja kwa wakati, kwa nguvu yake yote, katika nafasi za muda zenye urefu wa milisekunde 1.67. Kasi inayoombwa na simu huanzia kilobiti 38.4 hadi 2,457.6 kwa sekunde. Tofauti kati ya mwisho mmoja na mwingine ni mara 64.

Ikichukuliwa kuwa mnara una watumiaji wawili tu, mmoja akiwa pembezoni kwa kilobiti 38.4 na mwingine karibu kwa kilobiti 2,457.6, kanuni tatu za ugawaji hutoa matokeo yanayotofautiana sana. Kanuni ya kumpa zamu mwenye kasi kubwa kuliko wote humpa wa karibu kilobiti zote 2,457.6, na wa pembezoni hapati kitu. Kanuni ya kuwapa wote kasi sawa huwapa kilobiti 37.8 hivi kila mmoja, na jumla ya mfumo huporomoka hadi kilobiti 75.6. Kanuni ya kuwapa muda sawa humpa wa pembezoni kilobiti 19.2 na wa karibu 1,228.8. Kanuni ya kwanza ina tija bila huruma. Ya pili ina huruma inayomfilisi kila mtu. Ya tatu ni maafikiano.

Kanuni ya haki ya uwiano ni njia ya kuyapata maafikiano hayo bila kuupoteza uanuwai wa watumiaji. Msingi wake wa kinadharia unapatikana katika kazi ya Kelly (1997), ambamo mgawo wenye haki ya uwiano ni ule unaokuza jumla ya logariti za kasi za watumiaji. Katika HDR, kama walivyoeleza Jalali, Padovani na Pankaj (2000), utekelezaji wake ni mwepesi: kwa kila mtumiaji, kasi anayoiweza sasa hugawanywa kwa wastani wa kasi aliyoipata katika kipindi kifupi kilichopita, na zamu hupewa mwenye jibu kubwa zaidi. Kwa njia hii mtumiaji hashindani na jirani kwa nguvu za ishara. Hushindana na wastani wake mwenyewe. Wa pembezoni hupata zamu wakati chaneli yake imepanda kuliko kawaida yake, hata kama kawaida hiyo ni duni. Umaarufu wa kanuni hii unastahili. Swali ni kama masharti yanayoiwezesha hutimia.

3.0 Tatizo la Umri wa Taarifa

Simu huikadiria chaneli kwa kutumia ishara za rejea, ambazo mnara huzituma na ambazo simu inazijua kabla. Kilichopokelewa hulinganishwa na kilichotarajiwa, na tofauti yake huonesha namna chaneli ilivyobadilisha ukubwa na awamu ya wimbi. Kutokana na hapo simu hukokotoa uwiano wa ishara kwa kelele na kuutafsiri kuwa namba. Katika LTE namba hiyo hubebwa na biti 4: sifuri humaanisha kwamba hata kasi ya chini kabisa haiwezekani, na thamani 1 hadi 15 huwakilisha ufanisi unaopanda kutoka takriban biti 0.15 hadi biti 5.55 kwa kila alama inayotumwa.

Katika safari hiyo mna makosa ya aina tatu. La kwanza ni kosa la kipimo, kwa kuwa ishara za rejea nazo huchanganyika na kelele. La pili ni kosa la ufupisho, kwa kuwa hali yenye thamani zisizo na idadi hubanwa katika ngazi 16. La tatu ni kosa la muda: kati ya kupima, kutuma taarifa, kuamua na hatimaye kutuma data, hupita milisekunde kadhaa. Makosa mawili ya kwanza yameandikwa sana. La tatu hutajwa mara nyingi katika aya ya masharti, kisha husahauliwa katika sura ya matokeo.

Uzito wa kosa la muda unaweza kupimwa bila vifaa vyovyote. Katika masafa ya megahezi 1,800, ambayo hutumiwa na mitandao ya 4G katika nchi nyingi, urefu wa wimbi ni sentimita 16.7 hivi. Mtu anayetembea kilomita 3 kwa saa husogea chini ya sentimita moja katika milisekunde 8. Basi linalokwenda kilomita 60 kwa saa husogea zaidi ya sentimita 13 katika muda huo huo, yaani zaidi ya nusu ya urefu wa wimbi. Katika modeli ya Clarke (1968), iliyoenezwa zaidi na Jakes (1974), mabadiliko ya masafa kutokana na mwendo hufikia hezi 5 kwa mtembeaji na hezi 100 kwa basi. Uhusiano kati ya chaneli iliyopimwa na chaneli ya baadaye hushuka hadi sifuri kwa mara ya kwanza baada ya milisekunde 77 hivi kwa mtembeaji. Kwa basi, baada ya milisekunde 4 tu. Aidha, LTE inaruhusu taarifa za vipindi zitumwe kwa nafasi ya kuanzia milisekunde 2 hadi 160. Simu ikipangiwa kuripoti kila baada ya milisekunde 40, abiria huwa amekwisha kusogea sentimita 67, karibu urefu wa mawimbi manne, kabla ya ripoti nyingine.

Athari ya umri huo kwa faida inayoahidiwa ni kubwa. Ikichukuliwa kuwa mnara una watumiaji 10 wenye wastani sawa wa ishara, na kwamba mawimbi yao hufifia kwa namna ya Rayleigh, nguvu ya chaneli ya kila mmoja hufuata mtawanyo wa kieksponensia. Wastani wa nguvu ya yule aliye bora kuliko wote ni jumla ya 1 + 1/2 + 1/3 na kuendelea hadi 1/10, yaani mara 2.93 ya wastani wa mtu mmoja. Hiyo ndiyo faida ya uanuwai wa watumiaji ikiwa taarifa ni kamilifu. Taarifa ikiwa na umri wa milisekunde 8, faida inayobaki kwa watembeaji 10 ni mara 2.87; hasara yake haionekani. Kwa abiria 10 wa basi, faida inayobaki ni mara 1.06. Karibu yote imeyeyuka.

Kilichobaki hakiishii katika kukosa faida. Ikiwa mnara umemchagua abiria kwa sababu taarifa yake ilionesha mara 2.93 ya wastani, na ukamtumia kwa kasi inayolingana na taarifa hiyo, ilhali chaneli ya sasa haina tena uhusiano na iliyopimwa, uwezekano kwamba nguvu halisi iko chini ya kiwango kinachohitajika unakaribia asilimia 95. Pakiti haifunguki. Zamu imetumika, nguvu ya mnara imetumika, na abiria hakupata kitu. Kipanga-zamu kilichobuniwa kumtafuta mtu akiwa kileleni kimemchagua wakati kilele chake kimekwisha kupita.

Ni haki kusema kwamba waasisi wa dhana hii hawakulificha jambo hilo. Viswanath, Tse na Laroia (2002), katika makala yao kuhusu antena zinazobadilisha mwelekeo bila kujua hali ya mtumiaji, walikiri kwamba chaneli inayobadilika haraka mno haiwezi kufuatiliwa kutokana na ucheleweshaji wa taarifa. Lakini tiba waliyoibuni ilikuwa ya ugonjwa wa upande wa pili: chaneli isiyobadilika vya kutosha. Kwa mtumiaji aliyetulia, walipendekeza mabadiliko yatengenezwe kwa makusudi ili vilele vipatikane. Kwa mtumiaji aendaye kasi, tiba kama hiyo haikutolewa. Mwelekeo huo wa utafiti una maana. Aliyetulia aliongezewa mawimbi. Aliye safarini aliachiwa angalizo.

4.0 Ahadi Juu, Tendo Chini

Hoja iliyotangulia inahusu tija. Inayofuata inahusu haki, na ndiyo kiini cha uhakiki huu.

Kanuni ya haki ya uwiano ni mgawanyo wa namba mbili. Juu ya mstari kuna kasi iliyoripotiwa. Chini ya mstari kuna wastani wa kasi iliyopatikana. Taarifa ikiwa sahihi, kilichoripotiwa ndicho kitakachopokelewa, na namba zote mbili hupimwa kwa kipimo kimoja. Taarifa ikizeeka, namba ya juu hubaki kuwa ahadi, wakati namba ya chini inaweza kuhesabiwa kwa njia mbili: kwa data iliyotumwa, au kwa data iliyopokelewa na kuthibitishwa. Uchaguzi kati ya njia hizo huonekana kuwa jambo dogo la programu. Kwa kweli ni uamuzi kuhusu nani abebe hasara.

Ikiwa wastani unahesabu kilichotumwa, abiria ambaye pakiti zake zinaharibika huonekana katika daftari la mnara kuwa amehudumiwa. Wastani wake hupanda, kipaumbele chake hushuka, na zamu huenda kwa wengine. Kwa mujibu wa daftari, haki imetendeka. Kwa mujibu wa simu yake, hakuna kilichofika. Hasara yote ameibeba yeye.

Ikiwa wastani unahesabu kilichopokelewa, mambo hugeuka. Pakiti zikiharibika, wastani wa abiria hushuka. Kwa kuwa ahadi zake bado ni kubwa, jibu la mgawanyo hukua, na kipanga-zamu humpa zamu nyingi zaidi. Zamu hizo nazo huharibika kwa sababu ile ile. Mnara huendelea kumwaga muda mahali ambapo hauzai, na mtembeaji aliyekuwa na chaneli nzuri hungoja bila sababu. Hasara sasa imegawanywa kwa watu wote wa eneo, na abiria mwenyewe hanufaiki kwa kiasi kinacholingana na muda aliotumia.

Kwa hiyo, chini ya taarifa iliyozeeka, kanuni moja yenye jina moja huzaa mifumo miwili yenye maadili tofauti. Tasnifu inayosema kwamba imetumia kanuni ya haki ya uwiano bila kueleza wastani ulihesabiwaje haijasema ilichokifanya. Zaidi ya hayo, kipimo cha haki kinachotolewa mwishoni, kiwe fahirisi ya Jain au jumla ya logariti, hakiwezi kufasiriwa mpaka ijulikane kama kilihesabu pakiti zilizotumwa au zilizofika.

Suluhisho la kimantiki ni kurudisha kipimo kimoja pande zote mbili za mstari. Namba ya juu isiwe kasi iliyoripotiwa, bali kasi inayotarajiwa kupokelewa kwa kuzingatia umri wa taarifa. Kwa mtembeaji, taarifa ya kilele huaminiwa karibu yote. Kwa abiria, taarifa ya kilele huvutwa kuelekea wastani wake, kwa sababu wastani ndio pekee ambao bado una ukweli. Chini ya marekebisho haya abiria hatapata vilele. Hilo ni tatizo la kifizikia ambalo mpangilio wa zamu hauliondoi. Lakini atatumiwa data kwa kasi anayoiweza, zamu zake zitazaa, na daftari la mnara litalingana na simu yake.

5.0 Aliye Pembezoni na Mwenye Haja Ndogo

Kuna watumiaji wengine wawili ambao dhana ya taarifa kamilifu huwasahau.

Wa kwanza ni aliye pembezoni mwa eneo la mnara. Kwake ishara za rejea hufika zikiwa dhaifu, hivyo makadirio yake yana kosa kubwa kuliko ya aliye karibu. Katika tafiti nyingi kosa la makadirio huwekwa kuwa namba moja kwa watumiaji wote, jambo linalorahisisha hesabu lakini linaficha kwamba kosa hufuata udhaifu wa ishara. Hassibi na Hochwald (2003) walionesha, katika muktadha wa antena nyingi, kwamba muda unaotumiwa kujifunza chaneli ni gharama inayopaswa kupimwa dhidi ya muda wa kutuma data, na kwamba ishara ikiwa dhaifu sehemu kubwa zaidi ya muda huhitajika kwa kujifunza. Maana yake kwa upangaji wa zamu ni nzito: yule ambaye muda wake wa data ni mdogo ndiye ambaye kumjua kunagharimu zaidi. Mfumo unaotoa ishara za rejea kwa kiwango kimoja kwa wote umekwisha kuamua kumjua vibaya wa pembezoni.

Wa pili ni mwenye haja ndogo. Uchambuzi wa kawaida huchukulia kwamba foleni ya kila mtumiaji imejaa daima. Maisha hayako hivyo. Mtu anayetuma ujumbe, kuangalia salio au kuthibitisha malipo ya simu anahitaji pakiti chache, kisha hukaa kimya. Andrews (2004) alithibitisha kwamba data inapoingia kwa vipindi, kanuni ya haki ya uwiano ya HDR inaweza kushindwa kudhibiti foleni hata pale ambapo ipo kanuni nyingine ambayo ingezidhibiti. Tena, wastani wa mtu aliyekaa kimya ukiachwa ushuke, kurudi kwake humpa kipaumbele kikubwa kwa ghafla, na wengine wote hungoja mpaka wastani huo upande. Kipanga-zamu kimeusoma ukimya kana kwamba ni njaa.

Hapa pana swali la uaminifu pia. Taarifa ya chaneli hutolewa na chombo kilicho mikononi mwa mtumiaji. Simu inayotia chumvi katika ripoti zake huchaguliwa mara nyingi zaidi kuliko inayosema kweli. Ikiwa wastani unahesabu kilichopokelewa, udanganyifu huo huendelea kutuzwa, kwa sababu pakiti zinazopotea hazimpandishii mdanganyifu wastani. Kanuni iliyobuniwa kwa ajili ya haki inategemea wema wa mashahidi wake, na hakuna mahali katika mlinganyo panapoupima wema huo.

6.0 Utetezi na Mipaka Yake

Uhakiki wenye insafu hauna budi kuzingatia kinga zilizomo katika mifumo halisi. Ya kwanza ni urudiaji unaochanganya nakala. Katika 1xEV-DO, pakiti ya kasi ndogo husambazwa katika nafasi kadhaa za muda, na simu ikifanikiwa kuifungua mapema hutoa ishara ya kusitisha. LTE nayo huhifadhi nakala iliyoharibika na kuiunganisha na inayofuata badala ya kuitupa. Kwa njia hii mnara hubashiri kwa tahadhari, kisha huacha chaneli yenyewe iamue ni vipande vingapi vinahitajika. Kinga hii ni ya maana sana, kwa kuwa inabadilisha ubashiri kuwa mazungumzo.

Ya pili ni marekebisho ya nje. Mnara hufuatilia uthibitisho wa pakiti na kushusha au kupandisha tafsiri ya ripoti za simu, kwa kawaida ukilenga asilimia 10 hivi ya pakiti ziharibike katika jaribio la kwanza. Abiria ambaye ahadi zake hazitimii hushushiwa tafsiri mpaka kasi ilingane na uwezo wake. Mdanganyifu naye hufichuliwa kwa njia hiyo hiyo.

Kinga hizi zinapunguza makali ya hoja ya sehemu ya nne, lakini hazifuti uzito wake. Marekebisho ya nje hujifunza polepole, kwa kuhesabu makosa, na mtu mwenye pakiti chache humaliza haja yake kabla mnara haujamjua. Tena, yanarekebisha kasi ya kutuma. Hayarekebishi chaguo la nani apewe zamu, isipokuwa mbunifu ameamua kuiingiza tafsiri iliyorekebishwa katika namba ya juu ya mgawanyo. Na urudiaji, kwa kila pakiti, hutumia muda ambao ungeweza kuwa wa mtu mwingine. La msingi zaidi kwa mwanataaluma ni hili: kinga hizo zipo kwa sababu wahandisi wa mitandao hawakuiamini dhana ya taarifa kamilifu. Tasnifu inayoendelea kuiamini huchunguza mfumo ambao haujapata kujengwa.

7.0 Vigezo vya Tathmini

Kutokana na hoja zilizotolewa, vigezo vinne vinapendekezwa kwa wasimamizi na watahini wa kazi za upangaji wa zamu unaotegemea makadirio ya chaneli.

Kwanza, umri wa taarifa utajwe kwa milisekunde, pamoja na kasi ya mwendo na masafa, ili msomaji aweze kukokotoa ni sehemu gani ya urefu wa wimbi imepita kabla ya uamuzi kutekelezwa. Sentensi inayosema kwamba chaneli inajulikana kikamilifu iruhusiwe kama kikomo cha juu cha kulinganishia, isiwe mazingira pekee ya majaribio.

Pili, kila wastani uelezwe kama unahesabu data iliyotumwa au iliyopokelewa, na matokeo yatolewe kwa data iliyopokelewa.

Tatu, kosa la makadirio lifuate udhaifu wa ishara ya kila mtumiaji. Kosa moja kwa wote humpendelea aliye karibu bila kusema hivyo.

Nne, matokeo yatenganishwe kwa makundi. Wastani wa eneo zima unaweza kupanda huku abiria na wa pembezoni wakishuka. Jedwali linaloonesha mtembeaji, abiria, aliye karibu na aliye pembezoni, kila mmoja kwa safu yake, lina thamani kuliko mchoro wa jumla uliopambwa.

Vigezo hivi havihitaji maabara ya gharama. Uigaji wa kompyuta unaoweza kuwekwa katika kompyuta ya kawaida unatosha, ilimradi mtafiti akubali kukipa kipanga-zamu chake taarifa ile tu ambayo mnara halisi ungekuwa nayo, wakati ule ambao ungekuwa nayo.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba makadirio ya hali ya chaneli ni ushahidi wenye umri, wenye ubora unaotofautiana, na unaotolewa na upande wenye masilahi. Kanuni ya haki ya uwiano inabaki kuwa mojawapo ya mawazo bora ya uwanja huu, kwa sababu ilikataa kuchagua kati ya tija na huruma. Udhaifu wake haumo katika wazo, bali katika kukubali kwamba kilichoripotiwa na kilichopatikana vinaweza kugawanywa kimoja kwa kingine bila kuuliza ni muda gani umepita kati yao. Kwa mtembeaji, swali hilo halina uzito. Kwa abiria wa basi, milisekunde 4 zinatosha kulifanya kuwa swali lote. Mtafiti anayeipima kanuni yake kwa watembeaji peke yao, kisha akatangaza kwamba ina haki, amewasikiliza wale tu ambao ushahidi wao haukuwahi kuchelewa.